Mahali Mkono Usipofika

Haya yalimpata mjomba wangu, kaka wa mama, baba mmoja mama mmoja. Sikuyaokota barazani, wala sikusimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mtu. Sehemu kubwa niliiona kwa macho yangu, na ile ambayo sikuiona ni kwa sababu nilichelewa.

Yalianza Jumanne moja ya kawaida kabisa. Nauza katika duka la dawa, na siku hiyo nilitoka mapema, nikapita kwa mjomba kumpelekea tyubu ya dawa ya kuchua. Yeye alikuwa fundi wa magodoro. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, cha nyuma ndicho alicholala, na katikati palining'inia pazia la kitambaa cha godoro chenye mistari ya buluu. Nilimkuta amekaa sakafuni, sindano ndefu mkononi, anapiga mafundo. Godoro la sufi halishonwi pembeni tu. Kila baada ya shubiri sindano huzama juu na kutokea chini, uzi ukakazwa, ili sufi isitembee. Kazi hiyo haifanyiki bila kuinama, na mjomba alikuwa ameinama miaka thelathini na sita.

Nilimtania, fundi wa kulaza watu, yeye mwenyewe alilala? Akajibu kwamba alilala kama ngazi, yaani kwa kuegemea ukuta. Tukacheka. Kisha akataka kuinuka anipe kiti, na kicheko kikamwishia usoni. Alishika meza, akashika ukuta, akasimama nusu, akabaki hivyo hivyo amekunjika akisubiri mgongo umruhusu. Nilitazama pembeni. Sisi tunaouza dawa tunajua sana kutazama pembeni.

Mgongo ule ulikuwa umeshajaribiwa kila kitu. Vidonge vya kwanza vilimsaidia miezi mitatu, halafu vikaanza kumchoma tumbo, daktari akavisimamisha. Vya pili vilimlevya, akajidunga sindano ya godoro kiganjani. Alivaa mkanda wa kiunoni, akalalia chupa ya maji ya moto, akabandika ukutani karatasi ya mazoezi aliyopewa na mama wa mazoezi ya viungo hospitalini. Mama yule alimwambia mambo mawili ambayo mjomba aliyarudia kama mwanafunzi: atafute godoro gumu kiasi, lisilozama, na achuliwe mgongo kila siku kwa mkono wa mtu. Alipoulizwa nani wa kumchua nyumbani, alijibu kwamba yupo mpwa wake.

Mpwa mwenyewe ndiye mimi, na sikuwahi kumchua hata siku moja.

Aliyekuwa akimchua ni mkewe. Yeye alishona mifuko ya magodoro kwa cherehani, na kila alasiri saa tisa walifunga mlango, mjomba akalala kifudifudi, mkewe akamkanda kwa kisigino cha mkono na vidole vinne. Cha shahada, mkono wa kulia, kilikatwa zamani baada ya jeraha la sindano kuoza. Alifariki miaka miwili kabla ya Jumanne hiyo. Watoto hawakujaliwa.

Nilipokwenda kuweka ile tyubu kwenye rafu, nikazikuta nyingine kumi na moja zimepangwa kama askari. Zote nilizileta mimi. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nikamuuliza kwa ukali kidogo kwa nini hapaki dawa. Akanionyesha. Alipeleka mkono nyuma kwa juu, ukaishia begani. Akaupeleka kwa chini, ukaishia kiunoni. Pale katikati palibaki pakavu.

"Nitapakaje, mwanangu? Mkono haufiki."

Najua nilichopaswa kufanya. Nilipaswa kunawa, kumlaza, na kumchua kwa dakika kumi. Badala yake nikamshauri afunge sponji kwenye kijiti. Nikaaga, nikasema nitapita Jumapili.

Sikupita. Wiki ya pili yake akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa nyepesi mpaka nikadhani ni mtu mwingine. Alisema amelala, usiku kucha, mgongo umefunguka kama bawaba iliyotiwa mafuta. Nilipouliza dawa gani, akasema ni godoro tu, amepata sufi nzuri. Nilifurahi, na sitaficha ilikuwa furaha ya namna gani. Ilikuwa ya mtu aliyefutiwa zamu. Kwa wiki sita sikukanyaga kwake.

Kilichonirudisha ni simu nyingine. Aliomba tyubu za dawa ya kuchua. Nikamwambia anazo kumi na mbili. Akasema zimekwisha.

Mtu aliyepona hamalizi tyubu kumi na mbili kwa wiki sita, na mtu ambaye mkono wake haufiki hamalizi hata moja. Nilifunga duka mchana uleule.

Nilimkuta amesimama wima. Nilipaswa kushangilia, lakini alikuwa wima mno, kama mtu anayepimwa urefu. Alikuwa amekonda pia. Shati lilimning'inia. Alinikaribisha kwa furaha, akavuta pazia, akanionyesha godoro lililomponya.

Hapa lazima nieleze desturi yake ya kazi. Mtu akileta godoro la zamani lifumuliwe na kujazwa upya, mjomba hakuwahi kulifungua kabla ya kuuliza nani alililalia. Mzito au mwepesi, upande gani wa kitanda, yu hai au amekufa. Majibu aliyaandika kwa chaki juu ya mfuko. Kama mwenyewe amekufa, sufi yote ilitupwa, akajaza mpya. Walimfundisha hivyo waliomfundisha kazi, na hakuwahi kukiuka.

Godoro lile halikuwa na chaki.

Alilikuta asubuhi moja limeegemea mlango wa karakana, limeviringishwa, limefungwa kwa kipande cha shuka. Akangoja mwenyewe aje. Hakuja. Siku ya kumi na tano maumivu yalimzidia, akakumbuka maneno ya hospitalini kuhusu godoro gumu. Na mafundi wa magodoro wana ugonjwa wao mmoja: hawaiamini sufi mpya. Sufi mpya ni laini, wanasema, haijajifunza kubeba mtu. Ya zamani iliyolaliwa miaka mingi ikipigwa vizuri hukaza sawasawa. Akalifungua bila kumuuliza mtu, kwa kuwa hakukuwa na wa kuulizwa. Alisema hakuwahi kuona sufi safi kama ile. Haikuwa na donge hata moja. Na ilikuwa vuguvugu, ingawa ilikaa kivulini siku zote zile.

Nikalitazama. Katikati palikuwa na bonde, umbo la mtu mmoja aliyelala. Nikamuuliza kama ni lake. Akasema lilikuja nalo. Alilipiga, akalijaza, akalipiga mafundo upya, na kesho yake bonde likarudi.

Ilipofika saa tisa aliniomba nikae karakana kidogo. Alichukua tyubu moja kati ya nilizoleta, akaingia ndani, akavuta pazia. Alikuwa na haya ya mtu mwenye mgeni chumbani.

Nilisikia mfuniko ukidondoka sakafuni. Kitanda kikalia. Kisha nikasikia sauti ninayoijua vizuri, ya kiganja chenye dawa kikiteleza juu ya ngozi. Taratibu. Kwenda na kurudi. Mjomba akashusha pumzi ndefu.

"Hapo," alinong'ona. "Hapohapo. Juu kidogo."

Nikanyanyuka. Nikasogeza pazia kwa kidole kimoja.

Nilitegemea kumwona amelala kifudifudi na mtu amemwinamia. Hakukuwa na mtu. Mjomba alikuwa amelala chali. Kifua wazi, macho amefumba, mikono yote miwili ameilaza tumboni. Jua la alasiri liliingia dirishani na chumba kizima kilionekana. Sauti ya kuchua iliendelea. Ilitoka chini yake. Kitambaa cha godoro kilipanda na kushuka ubavuni mwake, bila haraka, kama kazi ya mtu aliyeizoea. Tyubu ilikuwa kando ya kiuno chake, wazi. Nikaiona inabonyea. Hakuna aliyeishika. Ikabonyea tena.

Sijui nilivukaje kile chumba. Nilimshika mikono nikamvuta, akaja kwa uzito, kama kitu kilichogandia. Nikamgeuza. Mgongo wake ulikuwa unang'aa dawa, na palepale katikati, mahali ambapo mkono wake haufiki, palikuwa na alama ya kiganja cha kulia. Ngozi ilikuwa imeingia ndani kidogo. Nilihesabu vidole.

Nilimkalisha kwenye kiti, mbali na kitanda.

"Mjomba," nikamwambia taratibu, "mkeo alikuwa na vidole vinne mkono huu."

"Najua."

"Hii ina vitano."

"Najua, mwanangu. Nilihesabu siku ya kwanza." Alikuwa anafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, bila kuniangalia. "Najua si yeye. Lakini yule mama wa hospitali alisema mkono wa mtu, kila siku. Wewe ulikuwa unaniletea dawa. Sikulaumu, una kazi. Ila dawa haina mkono."

Nilimwuliza kama haogopi. Akasema anaogopa sana, hasa pale kitu hicho kinapomaliza, kwa kuwa siku hizi hakimwachii upesi kama mwanzoni. Mara mbili alihisi sufi imempanda mpaka masikioni. Lakini alisema pia, na hili ndilo lililonikata maini, kwamba tangu mkewe azikwe hakuna kiumbe kilichomgusa, zaidi ya kupeana mkono na wateja.

"Niletee mkono mwingine," alisema, "nami lile nalichoma."

Basi tukakubaliana. Kila siku saa tisa nitakuja mimi. Yeye atalala kwenye mkeka, godoro litafungwa kamba na kusimamishwa kona ya karakana. Nilitaka tulichome jioni ileile. Alikataa. Alisema tungoje siku saba, auzoee mkono wangu kwanza, kwa maana akilichoma leo na kesho mimi nisitokee, atabaki na nini? Niliona ananitilia shaka, nikakasirika. Nikaapa.

Siku ya kwanza alilalamika kwamba mikono yangu ni baridi. Ya pili alisema nachua kama nafuta meza. Ya tatu alikaa kimya, na nilipomaliza nikakuta amesinzia, mate yanamtoka kama mtoto. Nilijifunza ule mgongo. Nilijua fundo lililo chini ya bega la kushoto, nilijua pale panapowaka ukipagusa ghafla. Alinisimulia mambo ambayo hakuwahi kunisimulia, jinsi mama yangu alivyokuwa akimficha akitoroka shule, jinsi alivyomposa mkewe kwa kumshonea mto. Siku ya nne nilijikuta kazini naangalia saa, natamani ifike tisa. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja na ndiyo kwanza namjua mjomba wangu.

Kitu kimoja tu kilinikera. Nilikuwa nalisimamisha lile godoro kona ya mbali, limeegemea ukuta. Nikimaliza kuchua na kutoka nyuma ya pazia, nalikuta limeegemea upande wetu. Nikalirudisha. Kesho yake, vilevile. Siku ya sita lilikuwa limegusa pazia. Sikumwambia. Nilijisemea imebaki kesho tu, kesho tunalichoma.

Siku ya saba kulikuwa na manyunyu. Si mvua ya kumzuia mtu, manyunyu tu. Saa tisa kasoro nilikuwa mkahawani mkabala na duka, nimeagiza chai, rafiki yangu ananisimulia kisa cha jirani yake na mbuzi. Kilikuwa kinachekesha. Nikajiambia dakika kumi hazina neno. Saa tisa na nusu simu ikaita.

"Umefika wapi?" mjomba aliuliza, kwa upole kabisa.

"Nipo njiani."

Nani kati yetu hajawahi kuisema? Nipo njiani, na bado hujavaa viatu. Tunaisema, anayeambiwa anajua, na maisha yanaendelea. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nadhani aliisikia sauti ya vijiko.

"Haya, mwanangu," akasema. "Usikimbie, kunateleza."

Nikaagiza chai ya pili kusubiri manyunyu yapungue. Rafiki yangu akamaliza kisa. Nilifika kwa mjomba saa kumi na moja kasoro dakika chache.

Mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa tu. Nikabisha, nikaita. Kona ya godoro ilikuwa tupu. Kamba ilikuwa chini, imekunjwa vizuri, haikukatwa.

Nikavuta pazia.

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Kando yake kulikuwa na kile kigoda ninachokalia, na juu ya kigoda taulo safi, na juu ya taulo tyubu, mfuniko umeshafunguliwa ili nisipate taabu. Beseni la maji ya kunawa lilikuwa hapo. Nilitia mkono. Maji yalikuwa ya moto bado. Alikuwa ameyabadilisha, tena na tena, kila yalipopoa.

Shati lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Ndala zake zilikuwa pembeni mwa kitanda, zimeelekea kitandani.

Godoro lilikuwa juu ya kitanda. Bonde halikuwepo. Lilikuwa limejaa, limetuna sawasawa pembe zote, kama jipya.

"Mjomba?"

Nilitazama chini ya kitanda. Nilitazama dirisha, lina nondo. Nikatoka nyuma hadi ukuta wa uani, nikarudi. Nilimwuliza jirani wa mbele, mwanamke anayeuza mkaa, ambaye hakutoka pale alipo tangu adhuhuri. Alisema mjomba alichungulia mlangoni mara nyingi, kama anayengoja mgeni. Mara ya mwisho ni sasa hivi tu. Hakutoka.

Nikarudi ndani peke yangu. Nikaweka kiganja juu ya godoro. Lilikuwa na joto. Nikachukua mkasi wake mkubwa, nikapiga magoti, nikaanza kukata mshono wa ubavuni. Nilikuwa nikimwita. Nilimwambia nimefika. Nikamwambia kweli yote, kwamba nilikuwa mkahawani, kwamba sikuwa njiani.

Sufi ikamwagika. Nyeupe, safi, bila donge. Nilitoa kwa mikono yote miwili, nikaitupa nyuma yangu, mpaka sakafu haikuonekana. Sikupata mtu. Sikupata nguo wala unywele. Mfuko ukabaki bapa, na mimi nikabaki nimeushika.

Ndipo nikauona ule mshono niliokuwa nimeukata. Ulikuwa wa mkono wake. Hakuna fundi mwingine aliyeshona hatua fupi namna ile, ningeutambua popote. Ila kila godoro hufungwa na mtu aliye nje, na fundo la mwisho hubaki nje, kwa kuwa ndiko mkono uliko. Nililitafuta fundo la mwisho upande wa nje, likakosekana. Nikaugeuza mfuko.

Lilikuwa ndani. Lilikazwa vizuri, mara tatu, kazi ya mtu asiye na haraka wala hofu. Sindano ndefu ilikuwa bado inaning'inia kwenye uzi.

Nikaelewa kwamba hakuna aliyemburuta. Alinisubiri, kisha akaingia mwenyewe, akafunga nyuma yake. Nililia pale katikati ya sufi kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Wao hawakuona cha ajabu kwenye sindano. Mimi niliishika kabla hawajafika. Mafundi hulowesha ncha ya uzi mdomoni ili ipite tunduni. Niliigusa ile ncha kwa kidole changu, na mate yalikuwa hayajakauka.